Kompyuta "ya Polisi" Sokoni: Unauziwa Nini Hasa?

Katika maduka ya vifaa vilivyotumika, na zaidi katika matangazo ya mitandao ya kijamii, zipo kompyuta mpakato nene, zenye mpini wa kubebea na vifuniko vya raba kwenye kila tundu, zinazonadiwa kwa maneno mawili: "ya polisi". Wanunuzi wake aghalabu ni mafundi wa magari wanaozitumia kusoma hitilafu za injini, wapima ardhi, na watu wa mashambani na migodini. Bei yake si ndogo kwa mtu anayetumia akiba ya kazi yake, na ndiyo maana tumeona vema kueleza kompyuta hizi ni kitu gani na ahadi iliyobandikwa juu yake inaishia wapi.

Chimbuko lake ni la kweli. Nchini Marekani gari la doria ni ofisi: humo askari husoma taarifa za wito, huhakiki namba za magari na leseni, na huandika ripoti. Kompyuta ya kawaida haidumu humo. Gari hutikisika kutwa, joto hupanda sana linapofungwa na kuachwa juani, na mwanga wa mchana huifanya skrini isisomeke. Watengenezaji wakabuni mashine zenye gamba la aloi ya magnesiamu, diski iliyozungushiwa kinga ya mishtuko, na skrini yenye mwanga mkali. Panasonic ilianza kuuza Toughbook mwaka 1996, na toleo lake la CF-31 likaenea sana katika magari ya doria. Lina uzito wa takriban kilo 3.7. Skrini ya kompyuta mpakato ya kawaida hutoa mwanga wa niti 250 hadi 300 hivi. Skrini za mashine hizi zinaweza kufikia niti 1,000 na kuzidi. Idara inapobadilisha vifaa vyake, vile vya zamani huuzwa kwa mafungu kwa wafanyabiashara, na baadhi yake husafiri hadi masoko ya nchi nyingine.

Sasa tuje kwenye maneno ya muuzaji. Mara nyingi mnunuzi huambiwa kwamba mashine "imethibitishwa na jeshi la Marekani", na huoneshwa maandishi MIL-STD-810 kama ushahidi. Maandishi hayo si cheti. Ni jina la waraka wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1962, unaoeleza namna ya kufanya majaribio ya joto, mtikisiko, vumbi, unyevu, kuanguka na mengineyo. Wizara hiyo haithibitishi kompyuta za madukani. Mtengenezaji huchagua majaribio anayoyataka, huyafanya mwenyewe au hulipa maabara, kisha hutangaza matokeo. Kwa hiyo kusema kifaa "kimefaulu MIL-STD-810" bila kutaja jaribio lipi ni sawa na kusema mtoto amefaulu mtihani bila kutaja somo.

Hata jaribio la kuangusha lina masharti yake. Utaratibu uliozoeleka ni kuangusha kifaa mara 26, kutoka kimo cha sentimita 122, juu ya plaiwudi iliyolazwa juu ya zege, na waraka unaruhusu mianguko hiyo igawanywe kwa vifaa visivyozidi vitano vya aina moja. Kifaa kinachofaulu hivyo si dhaifu hata kidogo. Lakini sakafu ya gereji haina plaiwudi, na kifaa ulichonunua ni kimoja.

Alama ya IP ni ya kuaminika zaidi, maana inatokana na kiwango cha kimataifa, IEC 60529, chenye masharti yaliyo wazi. Tarakimu ya kwanza huhusu vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa: vumbi haliingii. Tarakimu ya pili huhusu maji. 5 ni maji yanayorushwa kwa bomba. 7 ni kuzamishwa katika kina cha mita 1 kwa dakika 30. Wengi hudhani namba kubwa hujumuisha ndogo, na hapo hukosea: kifaa kilichopimwa kwa kuzamishwa pekee hakijaahidi kustahimili bomba. CF-31 tuliyoitaja ni IP65, yaani imepimwa kwa bomba na haikuahidi kuzamishwa. Tena majaribio hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya bahari, maji ya sabuni na dizeli havimo.

Lililo zito kuliko yote ni hili: alama hiyo huelezea mashine ikiwa mpya, vifuniko vyake vyote vikiwa vimefungwa. Raba hukakamaa na kupasuka kadiri miaka inavyopita. Mashine iliyokaa garini miaka mingi, ikafunguliwa na kufungwa na mafundi wawili watatu, haina tena ahadi ile, hata kama kibandiko kinang'aa. Funua kila kifuniko, kikunje kidogo, ukitazame. Kisipobana vizuri, ihesabu mashine hiyo kuwa haizuii maji, na bei iendane na hali hiyo. Usimruhusu muuzaji akuridhishe kwa kuimwagia maji mbele yako. Unyevu ulioingia leo huweza kuleta kutu wiki kadhaa baadaye.

Yapo pia mambo yasiyoonekana kwa nje. Idara nyingi huondoa diski kabla ya kuuza ili kulinda taarifa zao, hivyo uliza kama diski na kishikizo chake vimo. Washa mashine uingie katika mipangilio ya msingi, ile inayotangulia Windows. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, iache. Katika nyingi za mashine hizi kuondoa betri hakufuti nywila hiyo. Angalia pia umri wa prosesa. Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huhitaji prosesa mpya kuliko zile za CF-31. Fundi anayeitumia kwa programu ya gari tu, bila intaneti, anaweza kuishi na hilo. Anayefanya miamala ya benki asijaribu.

Kwa mwanafunzi au mwenye duka anayefanya kazi mezani, hatuoni sababu ya kubeba karibu kilo nne.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora au kiwango cha bidhaa. Ili sheria hiyo ikufae, maneno ya muuzaji yawe kwenye karatasi. Dai risiti iliyoandikwa toleo kamili la mashine, namba yake ya utambulisho, alama ya IP anayoitaja, kwamba haina nywila, na siku za dhamana. Akikataa kuiandika alama ya IP, mlipe bei ya kompyuta kuukuu ya kawaida au uondoke.