Kituo Kifupi Isiolo: Faida kwa Msafiri na Mwenyeji

Kwa miaka mingi, Isiolo ulikuwa mji ambao msafiri wa kaskazini mwa Kenya hakuweza kuupita bila kutua. Lami iliishia hapo, na magari ya kuelekea Marsabit na Moyale aghalabu yalingoja kizuizini ili yaandamane katika msafara uliosindikizwa na polisi. Kungoja huko kuliwapa wenyeji wateja. Katika muongo wa 2010, lami ilifikishwa Moyale, masafa ya takriban kilomita 500. Siku hizi basi husimama kwa muda mfupi tu, na baadhi ya abiria hawashuki.

Hata hivyo, nusu saa yatosha ikitumiwa vyema. Kwanza, msafiri amwulize utingo saa ya kuondoka, wala asiende mbali. Pili, awaendee akina mama wauzao maziwa ya ngamia, mabichi na yaliyochachuka. Maziwa ayo hayo husafirishwa kwa magari hadi Eastleigh, Nairobi. Tatu, atege sikio. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru hukutana mjini humo, na Kiswahili ni mojawapo ya viungo vyao. Mwanafunzi wa isimujamii atasikia ubadilishaji msimbo na upatanisho wa ngeli usiofuata vitabu, ilhali biashara inakamilika bila kutatizika. Asikosoe, aamkue, anunue, aulize.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni asiyeshuka garini hamponyi mwenyeji, wala mwenyewe haelimiki.