Nyanya kama marando ya viazi: jinsi ya kupata miche mipya bila mbegu na bila udongo

Kwa mkulima wa Kharumwa na vijiji vingine vya Nyang'hwale, marando ya viazi vitamu si jambo geni. Unakata, unachomeka, kisha unasubiri kuchimba viazi vya kutengenezea michembe. Wengi wetu hatujajua kwamba nyanya nayo inakubali kupandwa hivyo. Leo tunaeleza namna ya kufanya, hasa kwa mwenye bustani ya viroba au ndoo zisizo na udongo.

Faida yake ni nini?

Mbegu chotara (F1) ni ghali. Ukikamua mbegu za tunda lake ukazipanda, watoto hawafanani na mama. Chipukizi ni kipande cha mama mwenyewe, hivyo kitazaa kama yeye, na mara nyingi kitawahi kutoa maua kuliko mche wa mbegu. Kwa mbegu za kawaida kama Cal J au Tengeru 97, bado unaweza kukamua na kutunza mbegu zako.

Hatua za kufuata

1. Chagua mmea wenye afya. Tazama kwapani, kati ya jani na shina: hapo huota machipukizi ambayo kwa kawaida tunayapogoa na kuyatupa. Nyanya ndefu huwa nayo mengi.

2. Kata asubuhi, urefu wa sentimita 10 hadi 15. Osha kisu kwa sabuni, kisha kichovye kwenye maji yanayochemka. Kama unavuta sigara, nawa mikono vizuri kwanza, kwa sababu tumbaku inaweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya.

3. Ondoa maua na majani ya chini. Bakiza majani mawili au matatu ya juu.

4. Chomeka kina cha vidole viwili kwenye pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi (zisifike kuwa majivu), au kwenye mchanga wa mtoni uliooshwa. Weka kivulini, pawe na unyevu lakini maji yasituame. Kunyauka kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Mizizi hutoka ndani ya siku 7 hadi 14.

5. Mizizi ikishatoka, zoeza mche jua kidogo kidogo, kisha anza kuulisha. Pumba na mchanga havina chakula cha kutosha, kwa hiyo tumia mbolea ya kuyeyusha kwenye maji kwa kipimo cha kwenye pakiti. Kalsiamu isikosekane, ikipungua, matunda huoza kitako.

Hatari mbili

Ya kwanza ni mchanga. Huku kwetu kwenye dhahabu, mchanga wa marudio uko karibu na ni wa bure. Usiutumie! Una mabaki ya zebaki, na ukitoka kwenye mitambo ya kuchenjulia unaweza kuwa na sianidi. Kuuosha nyumbani hakuuondolei sumu. Vivyo hivyo kwa maji ya madimbwi ya machimboni na ndoo zilizobeba kemikali.

Ya pili ni ugonjwa. Chipukizi hurithi uzuri wa mama, lakini hubeba na maradhi yake. Ukishuku mnyauko bakteria shambani, kata kipande cha shina la mmea ulionyauka, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, usichukue chipukizi hata kimoja hapo. Kagua majani pia kama yana kantangaze, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014. Jani lenye mabaka meupe yaliyotobolewa ndani, litupe mbali.

Msikilizaji, anza na machipukizi matano tu, uyalinganishe na miche ya mbegu. Yakikubali, yale uliyokuwa ukiyatupa kila wiki yatakuwa miche ya msimu ujao.