Kijungu Chenye Damu

Msomaji wa Mbozi katuletea hesabu ya ukoo wake: babu ekari 12, yeye ekari 3, na wanawe ni 4. Watakula nini? Swali lina uzito. Sensa ya 2012 ilituhesabu Watanzania 44,928,923. Ya 2022, 61,741,120. Kwa mwendo huo tunakuwa maradufu kila miaka 22 hivi. Mambo ya uzazi na mipaka nawaachia wengine. Mimi namwomba ang'oe mche mmoja wa kunde uliochanua.

Mizizini ataona vidonge kama punje za mtama. Wataalamu huviita vinundu, jina linalonuka hospitali. Vifundo? Hivyo ni vya kamba. Mimi naviita vijungu, maana humo mnapikwa, na kazi ya kijungujiko kila mkulima anaijua.

Akipasue kimoja kwa ukucha. Kilicho hai kina wekundu wa nyama: ni himoglobini, ndugu wa ile ya damu yetu. Inatafuta nini kwenye kunde?

Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini atomu zake zimeshikana mbili mbili kwa vifungo vitatu. Kiwanda cha mbolea huzibandua kwa joto la nyuzi 400 na zaidi, na mgandamizo mkali. Bakteria wa kijunguni huzibandua kwenye udongo wa kawaida, kwa kimeng'enya kiitwacho naitrojenasi. Tatizo ni kwamba oksijeni hukiharibu, na bila oksijeni bakteria hawapati nguvu za kazi hiyo nzito.

Fikiria fundi mwashi aliyefungiwa stoo pamoja na mifuko ya saruji. Ana kiu, lakini ukimpelekea ndoo, maji yatamwagika na saruji itaganda. Basi unamweka kijana mlangoni na kikombe. Anachota, anaingia, anamnywesha fundi mpaka tone la mwisho, anatoka kuchota tena. Hata akimaliza siku nzima, sakafu ni kavu. Kijana huyo ndiye himoglobini, na wekundu ule ni sare yake.

Naitrojeni hiyo ndiyo inayojenga majani na punje, na mabaki ya kunde yakifukiwa, mahindi ya msimu ujao huokota sehemu yake. (Fosforasi nayo inatakiwa, na maharage ya kawaida ni wavivu kidogo kuliko kunde, tuendelee.) Kwa hiyo, ndugu wa Mbozi, kabla ya kupima ekari, pasua vijungu vya kila kona ya shamba. Ukikuta weupe au ukijani, kijana wa kikombe hayupo mlangoni.