Kiti cha Kale Kinauzwa: Kigeuzeni Kabla ya Kulipa!

"Kinauzwa: kiti cha kale cha Kiingereza, cha mbao, chenye mikono. Hali nzuri. Wahi!"

Mpenzi msomaji, kama wewe na laazizi wako mnaishi Uingereza, tangazo la namna hii mmeshakutana nalo, iwe kwenye simu au kwenye dirisha la duka la vitu vya kale. Mmoja wenu anakipenda papo hapo. Mwingine anaguna: "Hivi kweli, pesa yote hiyo kwa kiti kikuukuu?" Kinachofuata mnakijua wenyewe: kununiana mpaka Jumapili.

Lakini si lazima mfike huko. Wengi wanagombana kwa sababu hakuna kati yao anayejua wananunua nini. Hebu tukijue kiti chenyewe kwanza, halafu tuje kwenye pochi.

Ni kiti gani hasa?

Mara nyingi kinachotangazwa hivyo ni kiti cha Windsor. Kukitambua ni rahisi. Kikalio chake ni ubao mnene uliochimbwa kidogo ili mtu akae vizuri, na kila kitu kingine kimechomekwa humo: miguu kwa chini, fito za mgongo kwa juu. Kwenye viti vingi vingine, miguu ya nyuma hupanda moja kwa moja ikawa mgongo. Kwa Windsor sivyo.

Katika karne ya 19 kitovu cha kazi hii kilikuwa mji wa High Wycombe, kaskazini-magharibi mwa London. Huko kwenye misitu ya vilima vya Chiltern, mafundi walikereza miguu kutoka miti ya beech ikiwa bado mibichi, kisha wakaiuza kwa wenye viwanda mjini. Mbao za mgongo uliopinda zililainishwa kwa mvuke ndipo zikakunjwa. Vyaelea vimeundwa, jamani!

Inakadiriwa kuwa mwaka 1875 mji ule ulikuwa ukitoa viti 4,700 kwa siku. Malkia Victoria alipopita hapo mwaka 1877, wenyeji walimjengea tao la viti barabarani. Sasa basi, piga hesabu. Viti vilikuwa vingi mno, na vingi vilikuwa vya jikoni na vya kwenye baa. Muuzaji akikwambia "hiki ni adimu", mwulize: kwa lipi? Umri peke yake hautoshi kupandisha bei.

Kinachopandisha bei ni mbao na hali ya kiti. Vile vilivyotengenezwa kwa mti wa yew kwa kawaida huwa ghali kuliko vya beech. Kikalio mara nyingi ni cha mti wa elm, ambao haupasuki kirahisi. Ugonjwa wa elm uliosambaa Uingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 uliua zaidi ya miti milioni 25, kwa hiyo kikalio kilichopasuka vibaya si rahisi kukipatia ubao wa kufanana nacho.

Kipindueni, miguu juu

Usione aibu. Muuzaji mwaminifu hatakukataza.

Kwanza, angalieni chini ya kikalio. Mbao ya zamani huko chini huwa kavu, yenye rangi isiyolingana na alama za vifaa vya fundi. Kama kote kumepakwa rangi moja nyeusi, ulizeni kinafichwa nini.

Pili, pimeni mguu kwa rula, pande mbili. Mbao husinyaa zaidi upande mmoja kadiri inavyokauka, hivyo mguu wa miaka mingi mara nyingi si mviringo kamili tena.

Tatu, tafuteni misumari na skrubu. Windsor hushikwa na viungo vilivyobana, gundi na kabari. Msumari maana yake kuna mtu alikuja kukarabati baadaye. Si dhambi, ila bei ishuke.

Nne, kaeni. Kama magoti yanapanda juu, huenda miguu ilikatwa. Kikicheza, viungo vimelegea.

Tano, vitundu vidogo vya wadudu. Vitundu vya zamani si tatizo kubwa. Unga mpya unaodondoka ni tatizo, maana wadudu bado wamo na watahamia kwenye kabati lenu!

Na bei je?

Kwenye mnada, bei inayotajwa nyundo inapogongwa siyo mtakayolipa. Tuseme mmeshinda kwa pauni 200. Mnada ukitoza asilimia 25 juu yake, hiyo ni pauni 50, na kodi ya asilimia 20 juu ya hizo 50 ni pauni 10. Jumla 260, kabla ya usafiri. Someni masharti kabla ya kunyoosha mkono.

Mkinunua kwenye mtandao kutoka kwa mfanyabiashara, sheria ya Uingereza kwa kawaida inawapa siku 14 tangu mpokee kiti kubadili mawazo. Mkinunua kwa mtu binafsi, haki hiyo hamna. Huko ndiko watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia.

Jambo moja la kuwapa moyo: bei za fenicha nyingi za kale za mbao nyeusi zimeshuka sana kuliko zilivyokuwa miaka ya 1990. Kwa hiyo msinunue mkidhani mnawekeza. Nunueni kwa sababu mtakikalia.

Kabla ya kusema "tunachukua"

Kubalianeni kiwango cha mwisho mkiwa nyumbani, si mbele ya muuzaji. Kitatoka mfuko gani? Wa pamoja au wa anayekitaka? Kitakaa wapi? Msikiweke karibu na hita, joto litalegeza viungo. Na wewe unayekitaka, usikilete kwa siri ukidhani mwenzako atazoea. Huenda kiti akakizoea, lakini kufichwa kuhusu pesa hakuzoeleki.

Na wewe usiyekitaka, nenda naye mkakipindue wote. Ukiona viungo vimebana na bei iko ndani ya mlichopanga, mwachie basi. Ukiona unga unadondoka, utakuwa na hoja, na hamtahitaji kununiana.