Jani la springi haliigeuzi Hilux kuwa Land Cruiser

Kila mavuno ya mahindi yakikaribia, swali ni lilelile na maneno ni yaleyale. "Fundi, shikamoo. Nina hela ya Hilux, ya Land Cruiser bado haijatimia. Nikichukua Hilux nikaiongezea jani moja au mawili ya springi nyuma, si itavuta tela kama Land Cruiser?" Limetoka Mkata, limetoka Kwedizinga, limetoka Magoma na Mombo. Wanaouliza ni watu wanaotaka gari moja la kufanya yote: kwenda kazini siku za kazi, kupeleka familia Tanga, na kuvuta tela la mahindi au machungwa mwisho wa wiki.

Jibu ni hapana. Wala si kwa sababu Hilux ni gari dhaifu. Springi haina kazi yoyote katika kuvuta.

Nianze na injini ili niimalize upesi, maana wengi huanzia hapo na hapo sipo penye tatizo. Land Cruiser 79, hii pikapu mnayoiita mkonga, kwa miaka mingi imetufikia na injini ya 1HZ: silinda sita, CC 4,164, dizeli isiyo na turbo, yenye nguvu ya msokoto ya nyutoni-mita 285 hivi. Hilux ya 2.4 iliyoanza kutoka mwaka 2015 ina CC 2,393 tu, lakini kwa sababu ya turbo inatoa 343 hadi 400, kutegemea toleo. Kwa hiyo anayekwambia Land Cruiser inavuta zaidi kwa sababu ya CC hajasoma hata karatasi ya gari analolisifia. Kwenye kung'oa mzigo na kupanda nao mlima, Hilux hiyo haiionei haya 1HZ.

Land Cruiser inashinda kwingine, chini ya gari. Ekseli yake ya nyuma ni ya aina ambayo uzito wa gari unabebwa na nyumba ya ekseli na beringi zake, na shafti ya ndani kazi yake ni moja tu, kuzungusha gurudumu. Kwenye Hilux, shafti hiyohiyo inazungusha gurudumu na papo hapo inabeba uzito. Shafti ya Land Cruiser ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake. Ya Hilux ikikatika upande wa nje, gurudumu linaweza kukuacha. Ongeza chasisi nene na ekseli nzima ya mbele, na utaelewa kwa nini gari hilo linadumu kwenye njia za mashambani za Handeni na Kilindi.

Sasa niambieni: katika hayo yote, jani la springi linabadilisha nini? Halinenepeshi shafti, halikuzi breki wala beringi, halizibi ufa wa chasisi. Linafanya jambo moja: linainua mkia wa gari. Mwenye gari anatazama, anaona limekaa sawa, anaamini mzigo umebebeka. Mkia ulioshuka ulikuwa ndiyo taarifa pekee ambayo gari liliweza kumpa kwamba amezidisha, na ameilipia ifutwe.

Twende kwenye hesabu, kwa kuwa maneno matupu hayajawahi kuwashawishi watu hawa. Tela likiunganishwa, sehemu ya uzito wake inakaa juu ya ndoano. Ndoano iko nyuma ya ekseli, kwenye Hilux tuseme mita 1.2. Kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ni mita 3.085. Weka kilo 200 kwenye ndoano: gari linafanya kama mbao ya kubembea ya watoto, upande mmoja ukishuka mwingine unapanda. Ekseli ya nyuma haipokei kilo 200, inapokea karibu 280, na hizo 80 za ziada zimeondoka kwenye magurudumu ya mbele. Hayo ndiyo magurudumu yanayokata kona na yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Ukiongeza jani, mkia unapanda, gari linaonekana limenyooka. Pima tena kwenye mizani: kilo 80 za mbele hazijarudi. Hazirudi kwa springi hata ukiweka majani kumi. Zinarudi kwa kupunguza mzigo au kuupanga upya, basi.

Hata hivyo hilo si baya kuliko yote. Lala chini ya Hilux isiyo na ABS, na Land Cruiser nyingi pia, utazame karibu na difu. Utaona fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye vali ya breki iliyofungwa kwenye chasisi. Fimbo hiyo ndiyo inayoieleza vali gari limebeba kiasi gani. Mkia ukishuka, vali inajua mzigo ni mzito, inaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Mkia ukiwa juu, inajua gari ni tupu, inazipunguzia ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na gari likayumba. Sasa fundi ameongeza majani mawili, mkia uko juu, nyuma una gunia sita na tela. Vali inaamini gari ni tupu! Breki za nyuma zinapunguzwa wakati uleule unapozihitaji kuliko wakati wowote, na magurudumu ya mbele yameshapunguziwa uzito kama tulivyoona. Dereva anakanyaga, gari linaenda. Baadaye watasema breki zilifeli. Hazikufeli. Zilidanganywa kwa jani la springi, kwa hela ya mwenye gari mwenyewe.

Nimewasikia mafundi wanaojua habari ya fimbo hiyo na dawa yao ni kuifunga kwa waya ili vali ibaki wazi daima. Hiyo ni hatari ya upande wa pili: siku gari likiwa tupu na mvua inanyesha, magurudumu ya nyuma yanajifunga kwa mguso mdogo na gari linageuka kutazama lilikotoka. Fimbo inarekebishwa kwa vipimo vya kiwanda. Haifungwi kwa waya.

Halafu kuna siku zote nyingine, ambazo gari halina mzigo. Springi iliyokazwa kwa ajili ya tani moja na nusu, ikipita tupu kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati, haikunjiki. Tairi linaruka badala ya kukanyaga, na lililo hewani haliwezi kufunga breki wala kushika njia. Mishtuko yote inaenda kwenye mabano ya springi na chasisi. Ndiyo maana gari nyingi zilizoongezewa majani huishia kwa fundi wa kuchomelea, ufa ukiwa pale pale mabano yanaposhika chasisi.

"Mbona fulani ameongeza na ana miaka yake kadhaa hajapata tatizo?" Muulizeni ameshabadilisha beringi za nyuma mara ngapi. Muulizeni pia kama amewahi kushuka nalo kutoka Soni hadi Mombo akiwa na tela lililojaa, akakutana na basi kwenye kona.

Springi zilizochoka ni suala jingine. Zikilala, badilisha seti nzima kwa springi za kipimo kilekile cha gari lako. Hayo ni matengenezo.

Kinachoamua usalama wa kuvuta ni breki za tela, na hapa mkoa wetu wa Tanga una ugonjwa mkubwa. Tela letu la kawaida limechomelewa kwa vyuma vya pembe juu ya ekseli ya gari lililokufa, bila breki hata moja. Kwa tela lisilo na breki, kiwango cha Hilux na cha Land Cruiser 79 ni kilekile: kilo 750, tela na mzigo wake pamoja. Tela lenyewe likiwa na kilo 350, zinabaki 400. Hizo ni gunia nne za kilo mia, na si za lumbesa. Watu wanapakia kumi na tano. Hapo una karibu kilo 1,850 zinazokusukuma kwa nyuma, na za kuzizuia ni breki za pikapu peke yake. Ukitoka mwendo wa 60 kwenda 80, nguvu ambayo breki hizo zinapaswa kuimeza inaongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Tela likiwa na breki zake, viwango vinapanda sana, hadi tani 3.5 kwa Land Cruiser 79 na kwa Hilux za 2.8 za karibuni, kutegemea toleo. Kasome kitabu cha gari lako, usisome cha jirani.

Basi chagueni. Unakaa Handeni au Korogwe mjini, njia zako nyingi ni za lami, za Segera, Tanga na Dar, na tela ni la mara mojamoja: chukua Hilux dabo kebini yenye turbo. Utakaa vizuri, utatumia dizeli kidogo, na familia itaenea. Tela liwe na breki, lisizidi tani moja na nusu. Shamba lako liko ndani, njia ni mawe na makorongo, mzigo ni wa kila siku: subiri hela itimie, nunua Land Cruiser, hata kuukuu, na uvumilie kiti chake kigumu na mwendo wake wa polepole. Mzigo wako ni tani mbili na zaidi kila wiki: acha pikapu zote mbili, kodi Canter.

Ukishapata gari: kwenye tela, mzigo mzito ukae mbele kidogo ya ekseli, ili sehemu moja ya kumi ya uzito au zaidi kidogo ikalie ndoano. Ukiuweka nyuma, tela litacheza. Likicheza, ondoa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki kwa nguvu, usikate usukani. Ndoano ifungwe kwenye chasisi kwa bolti, isichomelewe kwenye bampa. Mnyororo wa usalama uwepo. Taa za tela ziwake. Tela lisajiliwe TRA, liwe na namba yake. Matairi ya gari yawe ya kubeba mzigo, upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, kwa sababu yananyonya unyevu na yakipata moto mteremkoni yanachemka, pedali inazama. Shuka mlima kwa gia ndogo, tangu juu, usingoje katikati.

Na wewe uliyekwisha kuongeza jani, usisubiri mavuno. Nenda wiki hii kwa fundi, alitoe, na kabla hujaondoka gereji hakikisha fimbo ya breki imerudishwa kwenye kipimo chake. Hela uliyokuwa umepanga kwa jani la pili, tia kwenye breki za tela.