Ushughulikiaji wa Makosa Baina ya GDB na Python
GDB, programu ya kusakia hitilafu, huamrishwa kwa Python tangu toleo la 7.0 (2009). Makutano hayo yalizua tatizo. GDB iliandikwa kwa C, na ilipokumbwa na kosa iliruka kwa longjmp hadi penye kulipokea, ikiziacha kazi zilizokuwa njiani. Mruko huo ukipita juu ya Python, hesabu ya vitu vinavyotumika katika kumbukumbu huvurugika, na msakaji mwenyewe huweza kuanguka. Ndiyo maana kila kosa sharti lidakwe mpakani na kugeuzwe kuwa la Python. Awali lilikuwa RuntimeError tu, jina pana mno. Baadaye ikaja gdb.error, na chini yake gdb.MemoryError kwa anwani isiyosomeka. Zote zikabaki tawi la RuntimeError ili hati za zamani ziendelee kufanya kazi, uamuzi wa busara. Tofauti ni gdb.GdbError, ambayo huchapisha ujumbe pekee. Mwanafunzi wa Kigali aliyesahau kutaja anwani ahitaji sentensi moja ya kumwambia hivyo. Mlolongo mrefu wa miito humfanya adhani hati ndiyo mbovu.