Kutafuta Hitilafu katika Njia ya Umeme

Umeme ukatikapo, wanafunzi hupenda kutuuliza: "Mafundi hujuaje mahali palipoharibika?" Swali hilo ni zuri, nalo lafaa kujibiwa kwa vitendo.

Njia ya msongo mkubwa, kama ile ya kilovolti 220 itokayo Kidatu hadi Dar es Salaam kupitia Morogoro, huenda zaidi ya kilometa 200. Radi ikipiga, mti ukigusa waya, au kikombe cha kauri kikipasuka, vikata-umeme hufunguka vituoni. Kuikagua njia nzima nguzo kwa nguzo huchukua muda mrefu, hali hospitali na pampu za maji zinangoja. Hapo ndipo hesabu inaposaidia.

Hitilafu itokeapo, huzuka mawimbi ya umeme yanayokimbilia ncha zote mbili kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru, yaani kilometa 300,000 kwa sekunde. Kila kituo huandika wakati wimbi lilipofika, na saa za vituo hulinganishwa kwa setilaiti. Tuchukue njia ya kilometa 300. Ikiwa wimbi lilifika kituo A mapema kuliko kituo B kwa sehemu 400 za milioni ya sekunde, basi safari ya kwenda B ilizidi kwa kilometa 120. Tukitoa 120 katika 300 tunapata 180. Nusu yake ni 90. Hitilafu iko kilometa 90 kutoka A. Saa zikihitilafiana kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, jibu huhama mita 150.

Uwanjani, tuchore mstari wenye nafasi 30 zilizo sawa, na kila mwisho tumweke mwanafunzi aliyeupa mstari mgongo. Mwingine apige ngoma kwa mapigo yaliyo sawa, na wote wahesabu. Baada ya mapigo machache, wawili waanze kutembea kimya kutoka alama moja ya siri, kila mmoja upande wake, nafasi moja kwa kila pigo. Mmoja akigusa kituo chake katika pigo la 14 na mwenzake katika pigo la 26, tofauti ni 12. Darasa litoe 12 katika 30, ligawanye kwa 2, lipate 9. Hapo watagundua jambo kubwa: hakuna aliyejua safari ilianza pigo gani, wala haikuhitajika kujua. Ngoma moja kwa wote yatosha.

Tusimalize somo bila onyo. Mtoto aliyefundishwa kutafuta hitilafu asije akaifuata porini. Waya ulioanguka waweza kuwa na umeme hata kama taa za kijiji zimezimika, na ardhi iliyouzunguka yaweza kuua. Akae mbali, awazuie wenzake, na kumwita mtu mzima awaarifu mafundi. Mwanafunzi akikosea hesabu tutamsahihisha kesho. Akikosea hapa, hatutapata nafasi hiyo.